Mboga za Mwisho wa Bustani

Mama yangu alikuwa anapalilia kama mtu anayechagua mchele. Anachuchumaa, kitenge kimekazwa juu ya sweta, mkono wa kushoto unafunua majani, wa kulia unaamua. Hili la mbuzi. Hili la kutupa. Hili la kula. Jembe lilikuwa la shambani kwenye viazi. Bustani ya nyuma ya jiko, hapa mtaa wa Ramadhani, Njombe, aliipalilia kwa vidole. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ushamba tu. Sasa nina mtoto wangu mwenyewe, na kuna asubuhi natoka na ndoo, ukungu bado umelala kwenye mianzi ya uzio, naangalia pale alipokuwa anachuchumaa. Hata ningemkuta ananigombeza ningeshukuru.

Alichokuwa anakitafuta katikati ya magugu ni mnavu. Mnavu wetu hakuna aliyeupanda. Mvua za kwanza zikishashika unajiotea wenyewe, huku mmoja, kule mitano, popote ndege alipodondosha mbegu mwaka uliopita. Mama aling'oa kila kitu kinachouzunguka na kuuacha umesimama peke yake kama mgeni aliyepewa kiti. Aliupika kwa maziwa ya mgando kidogo na chumvi, na hadi leo sijala kitu nilichokiamini kama kile.

Na haukuwa wetu peke yetu. "Mboga iliyojiotea haina mwenyewe," alikuwa anasema. Mwanamke yeyote wa jirani alipita kwenye pengo la uzio, akachuma, akaondoka, bila hodi. Ila kulikuwa na adabu yake. Unachuma ncha, hung'oi shina. Ule wenye vitunda vyeusi unauacha. Na zaidi ya yote, mboga za karibu na jiko ni za mwenye nyumba; wewe unayetoka nje unachuma kule mwisho, karibu na uzio. Hakuna aliyekaa chini kukufundisha. Ulikosea, ukaaibika, ukajua.

Mimi nilikosea nikiwa na miaka tisa hivi. Mama alinituma kwa jirani yetu, rafiki yake wa kanisani ambaye mimi namwita mama mdogo, na kwa uvivu nikachuma zile za mlangoni pa jiko lake. Nilirudi na kikapu kimejaa haraka mno. Mama akanitazama.

"Umechuma wapi?"

"Kwa mama mdogo."

"Wapi kwa mama mdogo?"

Nikasema. Akaninyooshea kikapu.

"Rudisha."

"Mama, nirudishe mboga iliyokwisha kuchumwa?"

"Rudisha. Kamwambie wewe una njaa kuliko watoto wake."

Nilirudisha nikilia. Mama mdogo alicheka mpaka akashika ukuta, akapokea kikapu, akaniongezea mayai mawili. Miaka mingi baadaye aliendelea kunitania kwa hilo, hata siku ya harusi yangu, mbele ya wakwe: "Huyu bibi harusi mfungieni jiko, anachuma za mlangoni." Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu bila hilo hamtaelewa kilichompata mwanangu.

Nikaolewa Makambako. Sina ubaya na Makambako, mume wangu anapata riziki pale kwenye matairi ya malori, lakini upepo wa pale unakula uso, na uwanja wetu ulikuwa saruji. Mboga nilinunua kwa fungu. Mama alifariki mwanangu akiwa hajaota jino. Nilimpa mtoto jina lake. Siku ya maziko mama mdogo alimchukua mikononi, akamwangalia, akamwita "shoga yangu," kwa kuwa aliyebeba jina la rafiki yake ni rafiki yake. Nikasimama pale na jambo moja kichwani, la kijinga labda kwa siku kama ile: huyu hajala mnavu wa bibi yake. Mama alikuwa ameahidi kumpikia akishaota meno.

Ndicho kilichonirudisha Njombe, zaidi ya nyumba yenyewe. Mtoto alipofika miaka miwili tulikubaliana na mume wangu: yeye abaki kwenye kazi, mimi nihamie nyumba ya mama, nishone nguo, mtoto akulie pale. Nilitaka ale kutoka bustani ile. Ndiyo tamaa yangu yote.

Tulifika mvua zimeshakolea. Bustani ilikuwa imekwenda mpaka kiunoni. Mashona nguo, yale magugu ya kunasa kwenye kitenge, majani ya kukata mikono, viboga vya mtu asiyejulikana vimepanda mpaka kwenye paa la jiko. Katikati humo, nikiinama, naona mnavu. Mwingi. Nilianza kung'oa kwa vidole kama mama. Siku tatu, mtoto mgongoni, analia anataka kushuka, akishushwa anakula udongo. Siku ya tatu jioni niligeuka kuangalia nilipotoka, nikaona kaeneo kama mkeka.

Watu wanapita njiani wananicheka. "Dada, siku hizi nani anapalilia? Piga dawa ukalale." Jirani wa upande wa pili, mwenye parachichi, hana jani hata moja chini ya miti yake. Kweupe kama kumefagiliwa. Nikakitamani kile kitu. Nasema ukweli, nilikitamani.

Nikaenda duka la pembejeo. Muuzaji alikuwa na galoni kubwa chini ya meza, watu wanapimiwa. Akachukua chupa tupu ya maji ya kunywa, akanimiminia.

"Ina madhara?" nikauliza. "Nina mtoto mdogo."

"Madhara kwa majani!" Akacheka, na wateja wakacheka. "Dada, hii ni kama sabuni tu. Inajua majani, haijui watu."

Na mimi nikacheka. Nina kidato cha nne mimi. Kwenye somo la kilimo tulichora galoni ya dawa, tukapaka rangi ule utepe wa chini ya lebo unaoonyesha ukali wa sumu, nikapata alama zote. Halafu nikatoka dukani na sumu kwenye chupa ya maji, haina lebo, haina utepe, haina jina, nikaitia kwenye mkoba mmoja na maandazi ya mtoto.

Nilipuliza Jumatatu asubuhi. Bomba la kupulizia niliazima palepale dukani. Sikuvaa glavu wala barakoa. Nilijifunga kanga usoni kama mtu anayefagia vumbi. Mtoto nilimkalisha kizingitini mwa jiko. Ila si kwamba sikufikiri. Nilifikiri sana! Mstari wa mnavu ulio karibu na jiko niliuacha, nikauzungushia hata vijiti. Ule ni wa mwanangu. Nikapuliza mengine yote mpaka kwenye uzio, na mnavu wa kule nikauhesabu kuwa umekufa, nikasema utajiotea tena. Nilijiona nina akili.

Jumanne nilikuwa na safari ya Makambako kufuata cherehani yangu. Nikampeleka mtoto kwa mama mdogo asubuhi, gari linaningoja barabarani.

"Atakula nini?" nikauliza.

"Huyu? Shoga yangu atakula mboga ya bibi yake. Toka lini unaniuliza?"

"Mpe, mama mdogo, hajawahi kuila," nikasema, nikakimbilia gari.

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Kichwani mwangu niliona vile vijiti vyangu karibu na jiko. Niliona anachuma pale. Yule yule aliyenicheka miaka yote ile kwa kuchuma mlangoni!

Simu ilipigwa saa tisa hivi, tunafunga cherehani kwa kamba.

"Mwanangu, usiogope."

Mtu mzima akikwambia usiogope, umekwisha.

"Shoga yangu anatapika. Mara ya tatu hii. Na tumbo linamwendesha."

"Amekula nini?"

"Ugali na mnavu. Alikula kwa mkono wake mwenyewe, akamaliza, akaomba tena. Nikasema kweli huyu ni yule."

"Mama mdogo, umechuma wapi?"

"Bustanini kwenu."

"Wapi bustanini kwetu?"

"Kule mwisho, kwenye uzio. Ulitaka nichume za jikoni kwako kama mwizi?"

Nikakaa juu ya cherehani. Mume wangu ananiuliza nini, nini, na mimi nasikia sauti ya yule mama kwenye simu inaendelea kujitetea juu ya mboga zenyewe, kwamba zilikuwa nzuri, mbichi, zinang'aa. Ndiyo. Siku moja baada ya kupulizwa bado zinang'aa. Hakuna kitu kinachokuonya. Dawa ile inaua polepole kutoka ndani, na jani linabaki linakucheka siku kadhaa. Hilo nilielezwa baadaye. Muuzaji alikuwa amenidokeza, "kesho kutwa utaona njano," nami nikalisikia kama sifa ya dawa.

"Mama mdogo, kimbia hospitali. Nilipuliza dawa. Waambie mboga ilikuwa na dawa ya majani."

Akasema, si kwangu, "Yesu wangu," na simu ikakatika.

Nilipofika Njombe alinipigia tena: wamempokea, wamemtundikia dripu, na nesi anauliza swali moja tu, dawa gani? Nikashukia sokoni, nikaenda dukani kwanza.

Muuzaji akatabasamu. "Dada! Majani hayajafa? Subiri wiki."

"Ile dawa inaitwaje?"

"Ya majani."

"Jina lake."

"Dada, zote ni zile zile, zinatofautiana kampuni tu."

"Mwanangu yuko hospitali. Toa galoni."

Tabasamu likaondoka. Akasema alichosema, na sitakisahau: "Sasa dada, si ungemwangalia mtoto asinywe?"

Sikupiga kelele. Watu wanasema nilipiga kelele; mimi nakumbuka nikiongea taratibu kabisa. Nilimwambia hajanywa, amekula mboga, kwa sababu uliniambia haijui watu, sasa imemjua mwanangu, toa hiyo galoni au nitaingia humo ndani kuichukua mwenyewe. Akasema bado ina dawa, ni ya biashara. Mzee mmoja aliyekuwa ananunua mbegu akamwambia, "Mpe mwenzako galoni, una wazimu?" Nikaibeba ikiwa nusu, nikapanda bajaji nimeishika kati ya miguu.

Njiani nikasoma lebo. Ilikuwa imelowa na kuchanika, lakini palipobaki palisomeka. Usihamishie kwenye chombo cha chakula au kinywaji. Vaa glavu. Usiruhusu watu wala mifugo kuingia palipopulizwa. Kila nilichokifanya kilikuwa kimekatazwa pale, kwa Kiswahili, kwa maandishi madogo kama sisimizi, na maandishi yale yalikuwa yamekaa chini ya meza ya mtu wakati mimi nacheka naye.

Nesi aliniona naingia na galoni. "Mama, umetuletea duka zima?" Lakini aliichukua haraka, akaipiga picha kwa simu, akampelekea daktari.

Mwanangu alikuwa mdogo kwenye kitanda kile. Midomo imekauka. Aliniangalia, hakulia, akageuza uso upande wa mama mdogo. Mama mdogo alikuwa amekaa chini sakafuni na tumbo lake mwenyewe linamuuma, hajamwambia mtu. Alikula sahani moja na mtoto. Mpaka nesi alipomwona anajikunja ndipo naye akaandikiwa.

Daktari alikuja na picha ya lebo. Alikuwa kijana, amechoka, na hakunidanganya. Akasema huenda ni dawa, huenda ni kitu kingine, kiasi kilichobaki kwenye majani hakijui, mboga ilioshwa na kupikwa na hilo nalo hajui limepunguza nini.

"Kwa hiyo hamjui," nikasema.

"Hatujui, mama. Ndiyo maana hatumruhusu kwenda nyumbani."

Ningeweza kumkumbatia. Siku nzima ile ndiye mtu wa kwanza aliyesema hajui. Wengine wote walijua: muuzaji alijua, wapita njia walijua, na mimi mwenye alama zangu za kilimo nilijua.

Alikaa siku mbili. Akaacha kutapika, akakojoa vizuri, akaomba chai. Tukarudi nyumbani. Hilo nalisema wazi ili msibaki na roho juu: mtoto yupo, anakimbia, ananitukana kwa Kibena anachookota kwa wenzake.

Bustani ndiyo ilikufa. Ijumaa ilikuwa njano, Jumapili kahawia. Na ule mstari wangu wa karibu na jiko, wenye vijiti? Majani yakajikunja, yakapauka, yakaanguka. Sikuupuliza, lakini upepo ulikuwa unavuma kutoka kwenye uzio kuja jikoni, na mimi sikuuangalia. Upepo ule ule ulikuwa unampitia mwanangu kizingitini, andazi mkononi.

Mama mdogo hakuja tena kupitia pengo la uzio. Hakununa. Kanisani alinisalimia, "Kamwene, mwanangu," akampakata mtoto. Lakini chakula hakumpa tena, hata muwa. Akikutana naye na kitu mkononi, anakificha nyuma. Anayemwita shoga yangu! Mimi nilitaka kumwambia kosa ni langu, na nilimwambia, zaidi ya mara moja, naye anajibu, "Yamekwisha, mwanangu," kwa ile sauti ya mtu ambaye kwake hayajaisha. Pengo la uzio likaota majani. Nikikaa kwenye cherehani dirishani, naliona, na namkumbuka mama, na ninachokikumbuka hasa si uso wake. Ni vile wanawake walivyoingia pale bila hodi, wameinama, wanaongea na mama kwa sauti bila hata kumwona, na yeye anajibu kutoka jikoni ndani ya moshi. Hakuna aliyeogopa jani.

Sisemi mtu asipulize. Mwenye ekari za viazi na mgongo mmoja, siwezi kumwekea jembe mkononi. Ila asiniambie ni sabuni. Na asinipimie kwenye chupa ya maji.

Mvua za mwaka huu zilipoanza nilipalilia kwa vidole, mtoto ananisaidia kwa kung'oa nilichokiacha. Nilikuwa nasubiri. Karibu na jiko hakikuota kitu. Wiki ya nne nikaona miche ya mnavu saba, yote kule mwisho, kwenye uzio. Za mwenye nyumba hazikurudi. Zilirudi za jirani.

Nilisubiri zinenepe. Siku moja mama mdogo akawa anapita njiani, nikamwita. Akasimama upande wake wa uzio.

"Mboga zako hizi," nikasema.

Akaziangalia muda mrefu. "Mmepuliza?"

Maishani mwangu sijamsikia mtu akiliuliza swali hilo kwenye bustani ile.

"Hatujapuliza."

"Na huyu wa parachichi?"

"Alipuliza mwezi uliopita, upepo ukienda kule. Nilisimama hapa nikauangalia."

Akatikisa kichwa kukubali, lakini mkono haukutoka ndani ya kitenge. "Haya, mwanangu. Siku nyingine." Akaondoka.

Nikazichuma mwenyewe, ncha tu. Nikapika kwa maziwa ya mgando na chumvi kidogo. Nikasonga ugali, nikafunika, nikamshika mtoto mkono, nikapita kwenye pengo la uzio bila hodi mpaka jikoni kwake. Alikuwa kwenye kigoda. Nikaweka sahani chini kati yetu, nikamega tonge, nikachota mboga nyingi, nikala, yeye ananiangalia koo. Nikamega la pili, nikala. La tatu ndipo alinyoosha mkono wake, akala, akafumba macho.

"Umezidisha chumvi," akasema. "Yeye hakuwa anazidisha."

"Najua."

Mtoto alikuwa amesimama ananishika bega. Mama mdogo akamega tonge dogo sana, la ukubwa wa njegere, akalichovya, kisha akanipa mimi. Hakuweza kumlisha kwa mkono wake. Nikampa. Akatafuna, akakunja uso kwa ule uchungu, akameza. Tukamtazama wote wawili. Nilikuwa nimeshakosa kuona mara ya kwanza, ile alipomaliza sahani.

Akafungua mdomo tena, anangoja tonge.